Matawi kwenye Gari ya Kukodi

Papa hakuipenda ile gari tangu siku ya kwanza. Aliizunguka pale kwenye parcelle yetu, uani kwetu Bagira, mjini Bukavu, akaigonga mgongoni, akainama kusikiliza, halafu akaniuliza: «Ni gari gani hii haipumuake?» Nikamwambia ni ya umeme, papa, haina kelele. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Yeye mwenyewe alikuwa hapumui vizuri. Ujana wake wote aliuacha kwenye mashimo ya dhahabu kule Mwenga, na vumbi la kule lilirudi naye nyumbani, ndani ya mapafu.

Niliikodi kwa ajili ya kazi, nisidanganye mtu. Kutoka Bagira mpaka ofisini kwetu Muhungu, kila siku juu ya pikipiki, mvua, matope na mashimo ya barabara, mgongo wangu ulikuwa umeshaniambia basi. Mambo yalipoharibika mjini, mfanyabiashara mmoja alivuka mpaka na familia yake, akaiacha gari chini ya turubai. Ndugu yake akatafuta mtu wa kuikodi kwa mwezi, mtu wa ofisi asiye na fujo. Masharti yalikuwa mafupi: nyumbani na kazini tu, na siku mwenyewe akiitaka, unairudisha bila maneno. Nikakubali. Mtu aliyechoka pikipiki habishani na masharti.

Wiki ya kwanza, nikitafuta hereni iliyoanguka, nikakuta prizi, tundu la kuchomekea umeme, chini ya kiti cha nyuma. Nikachomeka simu, ikala moto, ikaanza kujaa chaji. Nikageuka kumtazama papa, aliyekuwa amekaa mlangoni.

Papa alikuwa na mashine ya oksijeni tuliyoazimwa na parokia, ile inayovuta hewa na kumpelekea puani kwa mrija. Bila umeme ilikuwa kiti tu. Na umeme wetu mnaujua: unakuja saa unayotaka wenyewe, na siku nyingine hauji kabisa. Siku hizo papa alikaa wima mlangoni, hasemi na mtu, anabania pumzi yake. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Basi kazi ya gari ikabadilika. Mchana niliiacha ofisini ikinywa kwenye jenereta, jioni nikarudi nayo imeshiba. Wenzangu walipanda kilima na makaa na unga, mimi nilipanda na pumzi ya papa. Niliisimamisha chini ya dirisha lake, tukapitisha waya, mashine ikaanza kuunguruma, na midomo yake ikarudisha rangi. Akaacha hata kuitukana. Asubuhi, kabla sijachomoa, aliniuliza: «Utarudi mbio?» Nilimjibu ndiyo, papa, na mchana mzima ofisini sikuwa na akili ya kitu kingine.

Halafu, Ijumaa moja, yule ndugu akapiga simu. Gari imeuzwa, maman, mwenye kuinunua anaifuata kesho mchana, mutusamehe. Nikamwomba. Nikamwambia wazi kwamba muzee wangu anapumua kwa ile gari. Akasema pole sana, lakini hata yeye si yake. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na nilijua hana kosa. Na kama haitoshi, siku hiyohiyo ofisini mazutu, ile dizeli ya jenereta, yalikuwa yamekwisha. Gari ikarudi nyumbani na njaa.

Asubuhi tukaamua na baba mudogo, mdogo wake papa anayekaa kwetu, tumfikishe papa hospitali kabla gari haijatutoka. Kule angalau kuna chupa za oksijeni. Kwa pikipiki asingefika, na teksi haina prizi. Tukamkalisha nyuma, mashine miguuni, mrija puani. Umeme uliobaki ndani ya gari ulitosha kutufikisha, mradi tusisimame njiani.

Tukasimama Nyawera, sokoni.

Kwetu mtu wa sokoni haangalii nyuma, anasikiliza. Mwanamke mwenye gunia mgongoni na kamba kwenye paji la uso anakupisha kwa sababu amesikia injini. Gari yangu haikuwa na cha kusikika, na honi yake ilikuwa nyembamba, ya kuomba msamaha. Mbele yetu wabeba mizigo, nyuma bamotari, wale wa pikipiki za abiria, pembeni meza za nyanya. Hatukusogea. Alama ya umeme ikawa nyekundu, na nilijua maana yake: ile gari, ikikaribia kwisha, inakata prizi ili magurudumu yabaki na nguvu. Inajiokoa yenyewe kwanza.

Baba mudogo akatazama ile alama, akamtazama kaka yake, akafungua mlango na kushuka. Nilimwona anavunja matawi kwenye ua wa watu. Akarudi, akavua mshipi wake, akaanza kuyafunga mbele ya gari.

Gari yenye matawi mbele ni gari ya kilio, ya msiba, inaenda kuzika, na hakuna mtu Bukavu, hata mlevi, anayeizibia njia. Lakini hayafungwi kwa mtu aliye hai. Kufanya hivyo ni kumwitia kifo kwa jina lake. Nikatoa kichwa dirishani: «Baba mudogo, toa ile kitu. Papa iko muzima.»

«Njo maana naiweka,» akasema, akaukaza mshipi. «Ao unataka tungoje mpaka akufe?»

Nikageuka nyuma. Papa alikuwa amefumbua macho, anayatazama majani yakipanda juu ya kioo. Nikatamani ardhi inimeze.

«Umuache,» akasema. Akavuta hewa. «Lakini afunge muzuri. Itaanguka.»

Wa kwanza kuona walikuwa bamotari, wakazima pikipiki zao. Mwanamume mmoja akavua kofia. Wamama wakainamisha vichwa chini ya mizigo, na njia ikafunguka mpaka mwisho wa soko. Tukapita polepole, bila sauti yoyote. Ndipo nikasikia kioo cha nyuma kinashuka. Papa alikuwa ametoa mkono wake mwembamba nje, mrija puani, anawasalimia watu. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, sahani ya nyanya ikamtoka mkononi.

«Papa, rudisha mukono, unaogopesha batu.»

«Banakuya ku kilio yangu,» akanijibu. «Nani atabasalimia kama haiko miye?»

Baba mudogo akacheka mpaka akalia. Mimi nililia tu.

Prizi ilikata tukiwa tumeshafika langoni mwa hospitali, na papa akapewa chupa. Nikampigia simu yule ndugu, na mchana mnunuzi akaifuata gari yake palepale uani mwa hospitali. Alikataa kuigusa mpaka nifungue yale matawi, na nikayafungua kwa mikono yangu.

Chupa zilikuwa chache kuliko vifua vya kuzingoja. Papa hakumaliza juma. Kwenye kilio shangazi zangu wakaanza kunong'ona kwamba ni baba mudogo aliyemwitia kifo. Nikasimama mbele ya watu wote nikawaambia matawi hayajaua mtu. Kilichomuua ni vumbi la Mwenga na mji usio na umeme, na mwenye kubisha atoke kwenye parcelle yangu. Hakuna aliyetoka. Baba mudogo aliendelea kutazama miguu yake.

Siku ya kuzika tulipita Nyawera tena, kwa pikapu ya mazutu iliyosikika kabla haijaonekana. Matawi yalikuwa mbele, yamefungwa kwa kamba safari hii. Jeneza lilikuwa nyuma, mimi na baba mudogo tumekaa kando ya dereva. Watu wakapisha. Wanaume wakavua kofia, wamama wakainamisha vichwa, kama siku ile. Baba mudogo akafumba macho ili asiwaone.

Nikashusha kioo, nikatoa mkono nje, nikawasalimia.