Labo Iko mu Njia

Jiko letu liliungua mara moja tu, lakini liliungua kabisa. Mbao zikaisha, paa likaisha, ukabaki ukuta mmoja ambao koko, mama yake mama, alikuwa ameupaka mavi ya ng'ombe, udongo mwekundu na majivu. Aliupaka juu ya baridi, ili isiingie, kwa sababu huku kwetu Masisi upepo unaingia kati ya ubao na ubao bila kubisha hodi. Moto hakuuwaza. Mimi njo niliuwaza, nikisimama mbele ya ule ukuta na ndoo tupu mkononi. Nilifurahi sana, mpaka mama akaniuliza kama ninajua tumesimama mbele ya nini.

Nilichowaza kilikuwa kitanda cha mdogo wangu, anayeniita yaya, dada yake mkubwa. Analala kwenye enterna, nyumba ya wasichana pale shuleni, na enterna ni ya mbao tupu. Jiko la shule limeegemea ukuta wake, na kitanda chake kiko upande uleule. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kuhesabu ubao mmoja kati ya moto na mtoto naweza.

Nikaenda kwa Papa Prefe, mkuu wa shule, nikamweleza. Alisikiliza vizuri. Akasema ukuta wa kukataa moto unaomba atestasyo, cheti cha labo, ile maabara ya serikali, kwa sababu bila karatasi, siku moto ukipita, watauliza nani alisema hautapita. Nikamwambia kwamba hata sasa unaweza kupita. Akakubali. Ila sasa, akasema, hakuna mtu atakayeulizwa.

Basi nikatengeneza sampuli. Kitu pekee cha mviringo nyumbani kilikuwa kile ambacho mama anakandamizia fromaji, jibini ambalo Masisi inasifika kwalo, nikajaza humo mchanganyiko wangu, nikaukausha, nikaufunga kwa karatasi safi. Nikapanda pikipiki ya maziwa, katikati ya bido mbili, madumu yaliyojaa, mpaka Goma.

Ajenti wa biro, ofisi ya serikali inayotoa atestasyo, alikuwa mtu mwema. Kabla sijafungua kinywa alipokea sampuli kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Masisi, akaitia kwenye begi lake na kusema mama watoto atafurahi. Ilibidi nimwambie ni mavi. Akaitoa kwa vidole viwili, akaiweka juu ya meza, akatoka kunawa. Aliporudi alinipa fishi, fomu ya kujaza. Mahali pa jina la mtengenezaji niliandika langu, kisha roho ikanisuta, nikaongeza: na ng'ombe wetu.

Akaisoma yote. Akaniambia kwamba labo ya kupimia moto, ya nchi nzima, bado haijafunguliwa.

"Lakini usivunjike moyo, dada," akasema. "Labo iko mu njia."

Nilirudi na sampuli yangu, na maneno hayo kama nilivyopewa. Mama ni mtu wa mambo yanayoshikika. Aliuliza lori litapita wapi, maana kwenye kona ya Kingi, tangu mvua ianze, hata gari la harusi lilikwama. Mimi sikuona kosa katika swali lake. Nilikuwa nimekwisha kuliona lile lori: refu, mashine zimefunikwa turubai, dereva ananiuliza mimi waziteremshe wapi. Jumapili mama akasema kanisani kwamba njia itengenezwe, lori la labo linakuja. Jumamosi watu wakatoka kwa salongo, kazi ya pamoja, na majembe na mabeseni ya mawe. Wazee walibishana kama mashine ya moto inaogopa kutikiswa, na kwa usalama tukasawazisha mita kadhaa zaidi. Ilikuwa njia nzuri. Hata leo watu wanaisifu.

Lori la kwanza kupita lilitoka Walikale, limejaa mbao. Dereva alitushukuru, akasema angekuwa serikali angetupa medali. Nusu ya zile mbao aliziteremsha shuleni. Enterna ilikuwa inaongezwa chumba.

Nilimpigia ajenti simu, nikamwambia njia iko tayari, labo ije tu.

"Mulitengeneza njia?" akauliza. "Ya kweli, ya udongo?"

Nikasema ya udongo na mawe.

"Dada, ile njia yenye nilisema iko ya makaratasi. Iko inangoja sinyatire."

Nilimwuliza kama hapo kwenye sinyatire, hiyo sahihi, tunaweza kusaidia na majembe. Akasema hapana, akasema asante.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu mama alifunga kitenge chake cha kanisani, tukaenda sote wawili kwa Papa Prefe. Mama alikaa kwenye kiti cha wazazi, akamsalimia, akauliza:

"Papa Prefe, baridi inaomba atestasyo?"

"Baridi? Hapana, Mama. Baridi haiombe kitu."

"Basi tutakuja kupaka ukuta juu ya baridi."

Papa Prefe alitazama dirishani, upande wa jiko, ambako moshi ulikuwa unatoka. Akafungua kaye yake, daftari la shule, akaandika: kazi ya kufunga baridi. Akatusomea ili tusikie.

Jumamosi watu wa salongo wakaja na majembe yaleyale. Wasichana wenyewe walikanyaga udongo, wakitaniana nani ananuka zaidi. Papa Prefe alikunja suruali, akapita akionyesha kwa kidole. Upande wa jiko, akasema, tupake mara tatu, kwa sababu hapo njo baridi inaingia sana. Hakuna aliyecheka. Tukapaka mara nne.

Labo iko mu njia bado. Huwa napiga simu, na ajenti ananijulisha. Sampuli yangu iko juu ya kabati ya mama, mbali na fromaji.

Wiki moja baada ya kazi nilimtembelea mdogo wangu, nikamwuliza ukuta unaendeleaje. Nilitaka kusikia habari za cheche.

"Yaya, iko na joto," akasema. "Sasa ninalala mupaka asubui."

Hilo sikuwa nimelipima.