Joto la Taa Shavuni

Ottorino Belardi alikuwa mpiga picha za sinema, na mimi Nevio nilikuwa fundi taa wake kwa miaka ishirini na sita. Watu hapa Roma wakimtaja huanza na tuzo zake. Upuuzi mtupu. Ottorino alikuwa mtoto wa mwoka mikate, akaanzia kwenye kubeba nyaya, na mwanga alijifunza kwa kukodolea macho ukuta ulio mkabala na tanuri la baba yake. Mkewe alilalamika kila siku kwamba pasta inapoa huku bwana anatazama jua lilivyotua kwenye kitambaa cha meza. Nilimpenda, na sioni haya kusema.

Alipofika miaka sitini na mbili, macho yakaanza kumtupa mkono. Nyuso zikawa ukungu tu. Tuliojua ni wawili, yeye na mimi. Tuliweza kuficha kwa sababu enzi zile sauti za waigizaji ziliingizwa baadaye, kwa hiyo kamera ikinasa kila mtu alipiga domo atakavyo. Seremala anagonga misumari, mwongozaji anafoka, nami nimesimama nyuma ya Ottorino namnong'oneza: kivuli kimeshuka puani, mwigizaji kasogea kushoto, taa ya tatu imezidi. Naye anarekebisha kana kwamba ameona mwenyewe.

Ndipo akaja Saverio, mwongozaji kijana, aliyetaka sauti za kweli, palepale. Maikrofoni ikaning'inizwa, na amri ikatoka: atakayekohoa aende kwao. Nisingeweza tena kumnong'oneza. Ottorino akijulikana haoni, kazi imekwisha, na bila kazi ile asingeishi hata mwaka.

Nikamvuta pembeni, nikamwambia tuseme anaumwa mgongo. Akacheka.

"Nevio, umenisemea weee, mpaka umeanza kujiona wewe ndiye mpiga picha. Niwashie taa zote, halafu unyamaze."

Akaenda kusimama mahali pa mwigizaji, akafumba macho. Akageuka polepole, shavu hili, shavu lile, kidevu. Joto likizidi ananyoosha kidole, nami naisogeza taa nyuma. Likipungua chini ya jicho, naileta karibu. Tulitumia saa nzima, Saverio akinung'unika kwamba mzee anaota moto. Kisha Ottorino akamwita mwigizaji wetu, Leda Contarin, ambaye alikuwa na hofu zake pia, maana mikunjo ilishafika na hakuwa amepewa filamu kwa miaka saba.

"Dada, usitafute alama sakafuni," akamwambia. "Tembea mpaka shavu la kushoto lipate joto, la kulia lisipate. Hapo simama, useme maneno yako."

Kamera ikaanza kunasa. Nilijiuma ulimi, kweli kabisa, hadi nikaonja damu.

Siku ya tatu picha zikawa zimesafishwa, tukaitwa kuzitazama. Leda akatokea kwenye skrini, mzuri kuliko alivyokuwa msichana, na hakuna mkunjo hata mmoja uliofichwa. Nimeona picha nyingi, sijaona kama ile. Saverio alisahau hata kuwasha taa ya chumba. Ottorino, uso umeelekea kando kidogo ya picha, akanigusa goti.

"Imetokaje?"

Miaka yote nilikuwa na la kumwambia. Siku hiyo nilitanguliwa. Leda, aliyekaa mbele yetu, akageuka, akamtazama macho, akaelewa kwamba haoni. Akauchukua mkono wa Ottorino, akauweka kwenye shavu lake mwenyewe lililolowa machozi.

Ottorino akalipapasa.

"La kushoto, tena limelowa," akasema. "Basi imetoka."