Nilimwondoa Wodini kwa Sababu Wagonjwa Wanampenda

Admin, nifichie jina na hospitali usiitaje, maana mji wetu ni mdogo na watu wa Kashaulili wakipata la kusema hawalali. Mimi ni mama wa miaka 38, nina mume na watoto wawili, naishi Misunkumilo. Ni nesi, na kwa miaka tisa sasa nasimamia wodi ya wagonjwa wa saratani kwenye hospitali moja hapa Mpanda. Wengi wanaokuja kwetu wameshatibiwa mikoa mikubwa wakaambiwa warudi nyumbani. Sisi tunasafisha vidonda, tunatoa dawa ya maumivu, tunakaa nao mpaka mwisho.

Nisiwafiche, nimechoka. Sio uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Zamani mgonjwa akifariki nilikuwa nalia chooni, nanawa uso, narudi kazini. Siku hizi namfunika, najaza fomu, naagiza chipsi. Mume wangu aliwahi kuniambia anaishi na sare ya kazi, sio mke. Nilimnunia wiki nzima, lakini hakukosea.

Mwaka jana tukaletewa nesi mpya, nimuite Jeni, binti wa miaka 26, mzaliwa wa Mishamo, kule kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi. Jamani, huyu binti alinichoma roho. Mimi naingia, nasalimia, napima, naandika, naenda kitanda kinachofuata. Yeye anakaa kitandani kabisa, anauliza kama mahindi yameota, kama mjukuu amefaulu, ndio baadaye aulize kinachouma. Nilimwambia anapoteza muda. Wagonjwa nao wakaanza kuniuliza mimi msimamizi, eti Jeni anaingia saa ngapi. Kuna mama wa Mpimbwe, mtu wa kwetu kabisa, nimemsafisha kidonda miezi miwili tukiongea Kipimbwe. Binti yake alipojifungua, mtoto wakampa jina la Jeni. Nilitabasamu, nikaenda stoo nikajifungia. Hata machozi hayakuja, ilikuja hasira tu.

Basi rosta ya zamu naandika mimi. Mwezi uliofuata nikampeleka chumba cha chanjo za watoto. Aliponiuliza kakosea nini, nikamjibu kwamba wagonjwa nao wana macho, wamemlalamikia. Uongo mtupu, hakuna mgonjwa aliyewahi kumlalamikia. Alishukuru, akaenda.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa na bibi mmoja kutoka Mishamo, saratani ya titi ilishasambaa. Kila asubuhi nasimama miguuni pa kitanda chake namuuliza anaendeleaje, naye anajibu anaendelea vizuri, asante mwanangu. Mimi naandika kwenye faili kwamba hana maumivu. Ile dozi ya ziada ya dawa, ya kumpa maumivu yakizidi, sikumpa hata mara moja kwa siku nne. Na mimi ni wa huku huku, najua fika mtu wa kwetu akiulizwa hali anajibu nzuri hata kama anakata roho. Nililijua, nikaandika tu niende kitanda kingine.

Siku ya tano Jeni akapita mchana kumsalimia. Akakaa, akamshika mkono, wakaongea Kirundi. Bibi akaanza kulia, akatoa chini ya shuka pindo la kitenge alilokuwa anang'ata. Lilikuwa limetoboka. Jeni akanigeukia akasema taratibu, "Dada, anasema hajalala siku nne. Anasema alikuona umechoka sana, akaona asikuongezee mzigo."

Mnajua nilichowaza kwanza? Sio maumivu ya bibi wa watu. Niliwaza kwa nini amemwambia yeye. Ndipo nikaenda kuchukua dawa, nikashindwa hata kuipima, Jeni akanipokea akampa yeye. Bibi akalala. Baada ya wiki mbili alifia kwao, amepumzika, na familia ikampigia simu Jeni aende mazikoni. Mimi hakuna aliyenikumbuka.

Sasa Jeni ameandika barua ya kuomba uhamisho. Anasema kama wagonjwa hawamtaki, bora aende mkoa mwingine. Barua lazima ipite kwangu, na iko kwenye droo siku ya kumi na moja leo. Nikitaka abaki, lazima nimwambie malalamiko niliyatunga mimi kwa wivu, na kwamba mateso ya yule bibi yalitokana na mimi. Wakubwa wakisikia, kazi sina. Nikisaini, anaondoka kimya kimya akiamini yeye ni nesi mbaya, na wagonjwa wanabaki na mimi hivi nilivyo. Sitawadanganya, kuna asubuhi kalamu naishika.

Jana aliingia ofisini kwangu, nikadhani amefuata barua. Kumbe aliambiwa sijala tangu asubuhi, akaniletea wali na maharage. Niliula wote mbele yake, na wivu haukuisha.

Nitukaneni kidogo kama mnaona inafaa, ila mkimaliza mnishauri. Niseme ukweli au nisaini? Nifanye nini ndugu zangu, maana Jumatatu anataka jibu.