Kokoto za Butoyi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetunisha kifua mbele ya madarasa mawili niliyoyajenga mimi. Usaidizi wa fundi nilikuwa nimeuaga. Sasa nilikuwa fundi mkuu, nimevaa shati jipya lililoshonwa Mwanga, Kigoma mjini, na watu wenye mvi walinisalimia asubuhi kwa Kiha, kwa heshima, "Mwakeye, fundi." Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo, ukipita Mwamgongo, kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, barabara hakina. Saruji na mabati tulileta kwa boti. Kazi nyingine waliifanya wanakijiji wenyewe: wanaume walisomba mawe, kina mama walibeba mchanga kwa karai kichwani, na waliobaki waligonga kokoto.

Miongoni mwa wagonga kokoto alikuwamo mtoto wa kike aliyeitwa Butoyi. Alizaliwa pacha. Kaka yake aliyemtangulia ndiye Bukuru. Kwetu Uha majina hayo hayachaguliwi, huja na pacha wenyewe: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Bukuru alikimbia kama watoto wengine, lakini miguu ya Butoyi haikuwa na nguvu tangu uchanga. Alitambaa kwa mikono, viganjani amefunga vipande vya ndala ili changarawe zisimchubue. Kila asubuhi kaka yake alimbeba mgongoni mpaka kwenye lundo la mawe, akamketisha, naye akagonga mpaka jua likawa utosini. Nilimwona. Hata nilizisifu kokoto zake, kwamba zinalingana kuliko za wakubwa. Lakini kumwona mtu, mwanangu, si kumfikiria.

Ardhi ya pale imeinama sana, kwa hiyo nilinyanyua msingi juu, na mbele nikaweka ngazi saba. Nilizisakafia vizuri, nikazipaka rangi nyekundu, zikang'aa hata ukiwa ziwani unaziona. Sifa za ngazi zile zilinilewesha.

Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, pacha wale walikuja na mama yao. Bukuru alipanda mbio. Butoyi alikuwa amekataa kubebwa siku hiyo. Alitaka kuingia shule mwenyewe. Akashika ngazi ya kwanza, akajivuta, akafika ya tatu. Hapo mkono ukateleza kwenye ile rangi yangu, akaporomoka mpaka chini, gauni likamfunika uso. Watoto wakacheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Kisha nikamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu anayedhani anatoa msaada:

"Mama Bukuru, huyu mwache nyumbani afundishwe kusuka mikeka. Ana mikono mizuri. Shule si ya kila mtu."

Aliinama akamfuta mwanawe vumbi, akaanza kumfunga upya vile vipande vya ndala, taratibu, kama vile sisi sote hatupo.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mzee Ramadhani wa Ujiji, aliyenifundisha kazi. Nilimbebea zege miaka sita kabla hajanikabidhi mwiko wangu wa kwanza. Alikuwa amefika na boti ya asubuhi kuja kuona kazi ya mwanafunzi wake. Alikwisha kuzunguka jengo zima, amepima kuta kwa timazi, amegonga sakafu kwa kisigino akisikiliza. Nilikuwa nangoja pongezi. Badala yake alimsalimia yule mama kwa Kiha, akamwuliza mtoto amepata wapi sugu zile za vidole. Mama akasema mtoto amegonga kokoto za msingi huu. Mzee akanigeukia.

"Hamisi, kuta zako zimenyooka. Sasa panda ngazi zako kama anavyopanda huyu."

Nilidhani ananitania, lakini macho yake hayakuwa na utani. Basi nikakaa chini na shati langu jipya, nikailegeza miguu, nikaanza kujivuta kwa mikono. Ngazi ya pili nikaifikia nikihema. Ya nne ikanishinda, na kijiji kizima kinatazama, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Hujafa hujaumbika," alisema mzee. "Mtoto huyu kakutengenezea msingi, wewe ukamfungia mlango. Mimi sikukufundisha kujenga hivyo."

Jioni alirudi Ujiji bila mimi, maana nilimwambia sitapanda boti mpaka mtoto yule aingie darasani kwa nguvu zake mwenyewe.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mwema tu, alisema mifuko mitatu ya saruji iliyobaki ni ya choo cha walimu, na mtoto mmoja hawezi kurudisha nyuma kazi ya kijiji. Nilimwomba sana. Mwisho nikaahidi kwamba choo hicho nitakuja kukijenga kwa saruji yangu, bila ujira, na ahadi hiyo niliitimiza. Wavuvi wakanisaidia mawe. Kokoto nikaenda kuzigonga na Butoyi, bega kwa bega, naye alinicheka jinsi ninavyoshika nyundo.

Kwa siku nne nikawa nimejenga njia ya mteremko kando ya ngazi. Nikamwita aje aijaribu. Akaipima kwa macho kutoka juu mpaka chini.

"Ni kali, fundi. Kupanda nitapanda. Nikishuka nitaanguka kifudifudi."

Mwanangu, nilikaribia kubisha. Nani alikuwa fundi pale, mimi au mtoto wa miaka minane? Halafu nikakumbuka kwamba katika siku zote nne, tumekaa pamoja tunagonga mawe, sikumwuliza hata mara moja yeye hupandaje na hushukaje. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutokuuliza. Nikachukua nyundo, nikaivunja kazi yangu kabla haijakauka sawasawa. Tukaketi mchangani, naye akanichorea kwa kidole: iwe ndefu, ikate kona katikati, pale konani pawe bapa apumzike, ukingo uwe wa kushikika, na rangi isiwepo kabisa.

Saruji nyingine nikanunua kwa fedha yangu, na njia mpya ilipokamilika akapanda peke yake. Alifika konani, akapumua, akaendelea, akaingia mlangoni na kukaa dawati la mbele, ubavuni mwa kaka yake. Mwalimu akaandika jina lake. Mama yake alipiga vigelegele, na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa ufukweni wakaitikia bila hata kujua sababu. Baada ya mwaka mmoja kila mtu alipita njia ile: wajawazito, wazee waliokuja mikutanoni, na mwenyekiti mwenyewe. Ngazi zangu nyekundu zikabaki za watoto kushindania kuruka.

Leo Butoyi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa mjini. Utamwona asubuhi juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, anazungusha pedali kwa mikono ile ile. Mjukuu wangu alirudi siku moja analalamika kwamba Mwalimu Butoyi hana mchezo, anarudisha daftari likiwa na kosa dogo tu. Nilicheka mpaka machozi. Alipohamishiwa hapa, kitu cha kwanza alikuja kwangu Ujiji na mumewe na fungu la samaki wa ziwani, migebuka, akaniamkia, kisha akamwambia mumewe, "Huyu ndiye fundi aliyevunja kazi yake kwa sababu nilisema ni kali." Nimejenga misikiti na maduka na nyumba za wakubwa, mwanangu. Sijapata sifa iliyonitosha kama hiyo.

Basi nisikilize. Siku hizi ninyi vijana hamcheki anayetambaa, mmefundishwa vyema. Lakini nawasikia mkimcheka mwenzenu kwa sababu Kiswahili chake kina Kiha ndani, nawaona mkimwachia benchi peke yake mtoto ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa. Na mkiwa viongozi mnatoa tangazo kwenye simu tu, asiye na simu mnamwita mzembe. Kabla hujasema jambo fulani si la kila mtu, uliza ni nani waliolitolea jasho. Mgala muue na haki yake mpe. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza, yeye ndiye anayejua panapomuuma. Na mkubwa akikukemea mbele za watu, usimchukie. Ukiona amesema kweli, vunja ulichojenga uanze upya; kuvunja hakumshushi fundi.

Nenda masomoni, mwanangu. Mungu akupe elimu isiyokutia kiburi, akupe na umri wa kuitumia. Na siku utakapokuwa mkubwa wa mahali, wadogo wa pale wasiogope kukuambia ukweli. Amina.