Uso wa Bibi Ardis Kwenye Boksi

Kwa miaka mingi, kila tulipoingia dukani mjini, Bibi Ardis alianza na jambo moja kabla hajashika hata kikapu. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mchele na kuyageuza maboksi ya Binti Mwezi, moja baada ya jingine, mpaka yote yakautazama ukuta. Siku moja niliyahesabu: ishirini na mawili. Mwenye duka alishachoka kugombana naye. Tukitoka, tulimwona kupitia kioo akiyageuza tena.

Kwenye boksi kuna msichana ndani ya mtumbwi. Mikono yake iko wazi mpaka mabegani, ana unyoya mwekundu kichwani, anatabasamu, na jicho lake la kushoto linang'aa. Chini yake wameandika: "Mng'ao wa ziwa umo machoni mwake." Msichana huyo ni Bibi yangu akiwa na miaka kumi na saba. Ule mng'ao ni chozi.

Mimi nimejua hayo mwaka jana tu. Zamani nilidhani anaichukia picha kwa sababu ya utani. Shuleni kwetu mjini, ambako sisi Waojibwe, wenyeji wa asili wa Marekani, tuko wachache, kuna wavulana waliwahi kuniwekea boksi kwenye dawati wakaniinamia: "Salamu, binti wa mfalme! Babu yako chifu hajambo?" Babu yangu alikuwa fundi wa mabomba. Niliporudi nyumbani nikalia, Bibi akanipa bakuli la supu, akakaa mbele yangu, akanisimulia.

Ilikuwa msimu wa kuvuna mpunga unaoota wenyewe ziwani, miaka arobaini na minne iliyopita. Bwana mmoja mwenye kampuni ya mchele, mzee Ekstrand, alifika ziwani na kamera. Alimkuta Bibi akivuna na baba yake, amevaa shati la baba yake la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni, suruali imechomekwa kwenye soksi. Yule bwana akacheka. "Wahindi Wekundu hawavai hivyo," akasema. Akamvua shati, akamvalisha kigauni cha ngozi alichokileta mwenyewe, akamchomeka unyoya wa bata mzinga uliotiwa rangi. Baba yake Bibi alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu ya kuendesha lori la kampuni, akanyamaza.

Aliyewahi kuvuna mpunga wa ziwani anajua kwa nini tunajifunika. Kila punje ina unywele mrefu mwishoni, tunauita ndevu, wenye vijino vilivyoelekea upande mmoja. Ukiingia mahali hautoki, unasonga mbele tu. Halafu kuna viwavi weupe wanaouma. Kuvuna mikono wazi ni kama kulima kwa nguo za harusi, tena za harusi ya mtu mwingine.

Ndevu ikamwingia Bibi jichoni. Akapiga kelele. Mzee Ekstrand akatazama kamera yake, akasema filamu ndiyo kwanza imewekwa, ina picha thelathini na sita, haitatupwa. "Tabasamu, binti. Tumalize."

Akatabasamu mara thelathini na sita.

Nesi wa zahanati alisema kama wangemleta saa ileile, jicho lingepona. Lilibaki na utando kama maziwa yaliyomwagika kwenye kioo. Bibi alikuwa amefundishwa na baba yake kuendesha malori ya magogo tangu akiwa na miaka kumi na mbili, na alikuwa amekata shauri kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Alipokwenda kupimwa kwa ajili ya leseni, wakamwambia asome herufi kwa jicho la kushoto. Akamenya viazi kwenye jiko la shule miaka thelathini na moja. Hata leo lori la magogo likipita barabarani huacha anachofanya, akasikiliza dereva anavyobadilisha gia. "Mjinga huyu," husema. "Anaua injini."

Basi Julai iliyopita simu ikaja. Mzee Ekstrand ameshakufa, kampuni iko kwa mwanawe, Todd, na Todd anataka tangazo la televisheni. Anataka ziwa halisi, mpunga halisi, na yule Binti Mwezi halisi, sasa akiwa bibi kizee mwenye hekima.

Mjomba Delbert, mdogo wake Bibi, alikuwa jikoni akinywa kahawa. Alisubiri matusi. Tulisubiri wote.

"Nitakuja," Bibi alisema kwenye simu. "Ila siku nachagua mimi. Na saa."

Alipoweka simu, Mjomba akamkodolea macho. "Dada, umepagawa? Watu hawa hawa?"

"Hawa hawa."

"Watakuvisha manyoya mpaka uruke."

"Delbert, kunywa kahawa yako."

Alichagua siku ya jua kali isiyo na upepo, saa sita mchana, umande umeshakauka na mpunga umeiva kiasi cha kudondoka ukiukoholea. Hapo ndipo ndevu huruka kama vumbi. Asubuhi yake alinifunga mikono ya shati kwa utepe wa gundi, akanivalisha miwani ya useremala, naye akavaa ya kwake. Kisha akaweka tumbaku majini, sadaka yetu ya kabla ya kuvuna, kama kawaida. Safari hii midomo yake ilicheza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Sikumuuliza alikuwa anaomba nini.

Walikuja na magari manne. Mwongozaji, mwanamke mwembamba mwenye kofia, alipomwona Bibi na shati lake la miraba akashtuka. "Mama, tumekuletea vazi zuri la ngozi."

"Shati langu, au vaa wewe hilo vazi ukavune."

Wakakubaliana shati lifunikwe kwa shuka. Kisha wakampa maneno ya kusema: *Sisi watu wa ziwa twasikia mpunga ukiimba.* Bibi akayasoma upesi kama anayeita wanafunzi kwenye foleni ya chakula.

"Polepole, mama. Kwa sauti ya... wazee wenu."

"Baba yangu alikuwa akiongea kwa kasi kiasi kwamba mbwa alikuwa akichanganyikiwa."

Mjomba Delbert ufukweni akacheka mpaka akakaa chini.

Todd Ekstrand ndiye aliyekuwa akae mbele ya mtumbwi, boksi mkononi, akitazamana na Bibi. Mwanamume mnene, mchangamfu, shati jeupe la mikono mifupi. Mwongozaji akamwomba avue miwani ya jua ili macho yake yaonekane. Akavua.

Mjomba akanisogelea. "Tumwambie ajifunike?" akanong'ona.

Bibi akasikia. "Mimi waliniambia nijifunike?"

Nikasimama nyuma na upondo, nikausukuma mtumbwi kwenye mpunga. Mashua ya kamera ikatufuata ubavuni.

Bibi huvuna kama anayemgusa mtoto aliyelala: fimbo moja ya mwerezi inainamisha mabua juu ya mtumbwi, ya pili inayapapasa, punje zinaanguka. Siku hiyo aliyainamisha mabua mbele ya uso wa Todd.

Mara ya kwanza Todd alicheka. "Loo, yanaruka!" Mara ya tatu akajikuna shingo. Mara ya sita viwavi walikuwa wameshaingia ndani ya shati lake, akaanza kujinyonganyonga, boksi likaanguka majini. Mwongozaji akapaza sauti, "Bwana Ekstrand, tabasamu tu, mwanga ni mzuri sana!"

Bibi akagonga tena. Todd akapiga kelele, akashika jicho la kushoto.

"Usifikiche!" Sauti ya Bibi ilikuwa ya jikoni, ile iliyowahi kunyamazisha watoto mia mbili. "Ukifikicha inazama. Ukipepesa inazama. Mikono chini."

Akashusha mikono. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Itoe! Tafadhali, mama, itoe!"

"Nitaitoa. Unajua jina langu?"

Akamtazama kwa jicho moja. Hakujua. Miaka arobaini na minne uso wa Bibi umewalisha, na jina hawana.

Bibi akavua miwani yake ya useremala, akamsogezea jicho lake lenye utando, karibu kabisa. "Naitwa Ardis Goodsky. Jicho hili ni kazi ya baba yako. Mimi nikilia hivi hivi, yeye alikuwa na picha thelathini na sita za kumaliza. Sasa tabasamu, mwanangu. Moja."

Mwanzoni sikuelewa. Alipofika tano nikaelewa. Alihesabu taratibu, kama saa ya ukutani. Todd alikuwa ameng'ang'ania kingo za mtumbwi, jicho wazi, jekundu kama nyama. Watu wa mashua walikuwa wameganda, kamera bado inawaka taa yake. Kusema kweli, mpaka kumi na tano nilifurahi. Niliwakumbuka wale wavulana na boksi lao, nikatamani nao wangekuwepo.

Kwenye ishirini na mbili nikasema, "Bibi, inatosha."

"Shika upondo wako. Ishirini na tatu."

Kwenye thelathini na sita akachovya ncha ya leso ziwani, akamfunua ukope kwa kidole gumba, akaitoa ndevu kwa mkono mmoja, mara moja tu. Akamwonyesha. "Zahanati iko kilomita tatu. Watakuosha. Utapona, umewahiwa."

Akapona kweli. Tangazo halikutoka. Kwenye ile kamera kulikuwa na kila neno, na nadhani Todd hakutaka lisikike popote, maana kufikia masika maboksi mapya yalikuwa dukani, yana mtumbwi mtupu na ndege wa majini. Msichana hayupo.

Nilidhani Bibi atafurahi. Alisimama mbele ya rafu kwa muda, mikono mfukoni, hakugeuza boksi hata moja. Nje, tukiwa tunapakia mizigo, lori la magogo likapita likipanda kilima, naye akalisikiliza mpaka likapotea.

"Bibi," nikamuuliza, "unajuta?"

"Ndiyo," akasema. "Nilihesabu haraka mno."