Watu Wanaolala Katika Nyumba Hii

Mwaka wa pili baada ya kumzika mke wangu, presha ilianza kunisumbua. Daktari wa hospitali ya Matiliku akaniambia dawa zake ni za maisha, na kwamba ni vizuri nijiandikishe kwa bima ya afya ya serikali. Mambo ya karatasi yalikuwa ya mke wangu. Mimi nilikuwa fundi wa mawe. Nilitia sahihi pale aliponionyesha kwa kidole.

Siku hizi watu hujiandikisha kwa simu, na yangu ni ya kubonyeza. Nikamwomba mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mama mmoja anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za watoto na wagonjwa, aje na yake. Alikuja Jumanne saa nne. Nilikuwa nimefagia uwanja na kuchemsha chai ya maziwa mapema, maana ilikuwa kitambo tangu mtu aketi kwenye kile kiti kingine.

Hakuanza na ugonjwa. Alisema serikali inataka kwanza kujua mtu anaishi vipi, ndipo ijue atachangia nini. Akauliza ukuta ni wa nini. Nikasema ni matofali ya kuchoma, na niliyapanga mwenyewe. Akauliza choo, maji, ninapikia nini, nina mbuzi wangapi. Nakiri nilifurahia maswali yale. Nilimweleza hata jinsi tanki lilivyopasuka wakati wa ukame nikaliziba kwa simiti. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akarudi kwenye simu.

"Watu wangapi wanalala katika nyumba hii?"

"Wawili," nikasema.

Sikuwa nimepanga kuidanganya serikali. Neno lilitoka lenyewe.

Akabonyeza, simu ikataka kitambulisho cha huyo wa pili. Nikainuka, nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la bati na kutoa kitambulisho cha mke wangu. Nilipaswa kukipeleka kwa chifu baada ya mazishi, lakini kila nikipanga safari napata kazi nyingine shambani. Nikakiweka mezani.

Mama yule ndiye aliyewachotea maji wapishi siku ya mazishi. Alikitazama kwa muda, hakukigusa.

"Baba," akasema polepole, "huyu tulimzika."

"Najua."

Hakunikemea. Alishika kikombe chake akanywa chai, akanipa nafasi. Mwishowe nikamwambia aandike mmoja. Kaburini nilisema mengi, lakini kule nilikuwa nimezungukwa na watu. Hili la mmoja nililisema nikitazama meza.

Kisha akahitaji namba ya mtu wa kupigiwa nikizidiwa. Nikampigia binti yangu aliye Nairobi; simu ikalia hadi ikakatika. Tukangoja. Mama yule alikuwa na nyumba nyingine za kufikia, ila hakuniharakisha. Binti alipopiga aliuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, ni namba yake tu inatakiwa.

"Andikeni, baba. Niko kazini, nitakupigia Jumapili."

Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kwamba nimesajiliwa. Mama yule akanisomea mara mbili, akasuuza kikombe chake mwenyewe, akaenda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikabaki nimesimama pale hata baada ya yeye kupinda kona.

Wiki iliyofuata nilienda hospitali. Karani akakiweka kidole changu kwenye mashine, jina langu likatokea, akanielekeza dirisha la dawa. Sikuulizwa zaidi. Muuguzi alinieleza vidonge ni vya kila asubuhi bila kukosa, akataka kujua kama nyumbani kuna mtu wa kunikumbusha. Nikamwambia nitajikumbusha.

Sijakosa hata siku moja. Navimeza nikiwa nimesimama, kwa maji ya mtungi, halafu nafungua mlango.