Vidonge Vinane kwenye Chai ya Mama Mkwe

Jambo zima lilinigharimu shilingi elfu moja na mia nane, nauli ya baiskeli kwenda kituo cha afya na kurudi, na siku nzima ya kuitwa muuaji. Nimehesabu mara mbili. Kwa nilichojifunza, nililipa kidogo.

Mama mkwe aliletwa kwetu Kibiti kutoka Salale, sukari imempanda. Kituoni wakampa vidonge, wakamsisitizia ale kwanza ndipo ameze, na sukari ya kwenye chai aisahau. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwanamke yule alikuwa mtu wa vijiko vinne kwa kikombe kimoja, na bila chai hiyo muhogo haukushuka kooni.

"Chai kavu ni maji ya kusuuzia masufuria," alisema, akasukuma kikombe.

Dawa akawa anameza, chakula anaacha. Siku ya nne akaanguka uani, jasho linamtiririka, midomo inatetemeka. Mganga wa kituo akatuonya: dawa ile bila chakula itammaliza kabla ugonjwa haujammaliza. Mke wangu akalia. Mimi nikaenda dukani.

Biashara zilikuwa zimeshafunguliwa miaka mingi. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa kilo moja ya sukari, sasa tuliuziwa utamu usio na sukari: vidonge vyeupe vidogo, kopo zima, jina lake sakarini.

"Kidonge kimoja ni vijiko viwili, mjomba," akasema mwenye duka.

"Nani kapima?"

"Utapima mwenyewe kwa ulimi."

"Elfu tatu yote hiyo ni ya kopo, au na ulimi umo?"

Akashuka hadi elfu moja na mia nane kabla sijamaliza kukunja uso. Hilo likanitia shaka. Kwa kawaida yangu, sifa ya muuzaji naikata nusu. Na bei ikiporomoka upesi, hata ile nusu naikata tena. Basi njiani nikapiga hesabu: kidonge cha vijiko viwili ni cha kijiko kimoja, na kwa bei ile ni cha nusu kijiko. Vijiko vinne, kwa hiyo, ni vidonge vinane. Nikarudia. Vinane.

Nikavitia mwenyewe jikoni, mke wangu akapeleka kikombe. Nikabaki nyuma ya mlango, maana kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe anapokula.

"Shubiri!" nikasikia, na chai ikitemwa. Akaomba maji asukutue. Kisha: "Nyie! Maji haya mmeyatia sukari!"

"Mama, ni ya mtungini," alisema mke wangu.

"Basi mtungi wenyewe mmeutia! Mumeo ananimaliza. Chai kaitia sumu, maji kayatia sukari, kila njia kaiziba!"

Mke wangu akaonja maji: maji tu. Nikaonja na mimi: maji tu. Ndipo nikaonja ile chai, uchungu ukanikaa hadi kooni, nikanywa maji juu yake. Yalikuwa matamu. Nikarudia. Matamu.

Nikapanda baiskeli hadi kwa bwana maabara wa kituo cha afya, mtu wa bara aliyehamishiwa kwetu, mpenda kusoma.

"Umetia vingapi?"

"Vinane."

"Kaka, vinane ni vya sufuria ya msiba!"

Alipomaliza kucheka akanieleza. Ndani ya vile vinundu vya ulimi mna chembe hai, na juu ya chembe za utamu zimesimama protini, mbilimbili, zimeshikana ubavu. Sehemu yao ya nje imeachama kama chaza kwenye mzizi wa mkoko. Sukari ikiingia kwenye ule upenyo, chaza anafumba. Akifumba, umbo lake lote linajikunja hadi ndani ya chembe, chembe inaupasha habari mshipa wa fahamu, na ubongo unasema: tamu. Sakarini si sukari, lakini inashika palepale, tena kwa nguvu zaidi, ndiyo maana punje zake chache zinatosha.

"Na zikizidi?"

"Nyingine zinakwenda kubisha mlango wa uchungu. Na nyingine, nadhani, zinamkaba chaza mahali pengine, asifanye kazi. Maji yakizisuuza, anaachiwa, anafumba tena. Wewe unasema maji yana sukari."

Hilo la mwisho alisema hana hakika nalo. Miaka baadaye nililisoma mwenyewe, na alikuwa amekisia sawasawa.

Nimebishana bei na watu wa kila namna, lakini sijaona mpimaji kama chaza huyo. Hata hadubini ya pale maabara haimwoni, naye yumo mdomoni mwa kila mtu, tajiri na maskini, anapima bila mzani. Hasomi kopo. Haulizi bei. Mwenye duka alikuwa amesema kweli, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mimi nikamkata mara mbili. Chaza hakukata hata kidogo.

Jioni nikatia vidonge viwili. Mama mkwe akakataa katakata.

"Anywe kwanza yeye. Hapa, nimwone."

Basi mila nikaiweka kando, nikaketi mbele yake, nikanywa mafunda mawili. Akanitazama muda mrefu, kama anasubiri nianguke. Kisha akakivuta kikombe, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanywa. Akaumega muhogo. Akaumega tena. Mke wangu akageukia ukutani ili asionekane uso. Baada ya kipande cha tatu mama mkwe akameza dawa yake, nikamweleza habari ya chaza, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Jumamosi mjukuu wangu anaolewa Salale. Mimi ndiye bibi yake; halua ikipita nisiionje, watasema nimeikataa ndoa. Nikiionja, sukari inanipanda tena, mnanirudisha kituoni. Sasa niambie, baba, nifanyeje?"